Umechaguliwa shule ya lugha za kigeni? Soma hii kabla hujaripoti

Madogo mliopata nafasi kwenye sekondari zinazobobea lugha za kigeni, hongereni, sasa tuongee ukweli maana nimepita huko na kila mwaka naulizwa maswali yaleyale. Kitakachokushtua kwanza sio lugha, ni watu. Ulikotoka ulikuwa unaongoza darasa, huku kila mtu alikuwa anaongoza kwao, af kuna wale wawili watatu waliokulia nje na wazazi wao, siku ya kwanza tu wanapiga stori na mwalimu bila hata kusita. Usitishike. Wengi wao wanaongea vizuri ila tahajia inawapiga chenga balaa, kaa nao karibu, wewe umrekebishie insha yeye akurekebishie matamshi, maisha yanaenda.

Mfumo unategemea na nchi. Bulgaria kwa mfano, mwaka wa kwanza ambao kwao ni darasa la nane unakula lugha kuliko kitu kingine chochote, halafu huko mbele kuna masomo mengine unayasoma kwa lugha hiyohiyo. Korea Kusini, ambako shule za namna hii zilianza 1984, unaomba idara kabisa kabla hujaingia, iwe Kichina, Kijapani, Kifaransa au nyingine kulingana na shule. Yaani uamuzi unaufanya ukiwa bado mtoto, kwa hiyo tafadhali usifuate rafiki. Ukienda Kijapani jua kuna orodha rasmi ya kanji 2,136 (yale maandishi yenye asili ya Kichina) na hazikaririki wiki ya mtihani. Kirusi herufi zake 33 zinatisha bure, unazimaliza haraka tu, shughuli ni pale nomino zinapobadilisha mikia kwa hali sita, kulingana na kazi ya neno kwenye sentensi, na kila hali ina umoja na wingi wake.

Sasa kikubwa: kipindi cha darasani hakitoshi kukufanya uongee, hata mwalimu awe mzuri vipi. Piga hesabu mwenyewe, dakika 40, wanafunzi 25, mwalimu akinyamaza kabisa (hanyamazi) kila mmoja anapata kama dakika moja na nusu. Basi. Mdomo unaufanyia kazi nje ya darasa, tena wiki ya kwanza hiyohiyo ukiwa na maneno yako machache, ukisubiri uive utafika mwaka wa pili unajua sarufi yote na salamu inakushinda.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni imla ya kujipa mwenyewe. Chukua sauti ya dakika moja yenye maandishi yake, taarifa ya habari au podkasti ya wanaoanza. Sikiliza mara moja bila peni. Rudia sentensi kwa sentensi, andika ulichosikia hata kama ni uchafu, usiposikia acha mstari mtupu, ndo ufungue maandishi usahihishe kwa wino mwekundu. Utashangaa, mengi yaliyokukimbia sio maneno mapya, ni yaleyale unayoyajua yamebanana. Kifaransa umefundishwa "je ne sais pas" neno kwa neno, af mtaani unasikia kitu kama "shepa" unaanza kutafuta kamusi. Ukimaliza soma kwa sauti ukifuatana na msemaji, ujirekodi kwenye simu, usikilize. Inauma kujisikia lakini ndo dawa. Dakika moja tu kwa siku, ukijipa kumi utaacha Jumatano.

Hisabati na sayansi usizitelekeze. Huu ugonjwa nimeuona kwa wengi, mtu anajiona mwanalugha anaacha kufanya maswali ya hisabati, baadaye anataka kusoma uchumi kwenye chuo cha lugha hiyohiyo anakuta wanadai hisabati. Na kilabu za debate na tamthilia ingia hata kama una aibu, mistari ya tamthilia unairudia mpaka ulimi unazoea wenyewe.

Mwisho vyeti, maana walimu watawasukuma. Mtihani wa DELF wa Kifaransa una alama 100, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea 25 kila kimoja, unafaulu kuanzia 50, ila ukipata chini ya 5 sehemu yoyote umefeli hata jumla ikiwa 70, kwa hiyo ile janja ya kufidia kuongea kwa kusoma ina mpaka wake. Mtihani wa JLPT wa Kijapani hauna kuongea kabisa, ndo maana kuna watu wana N1, ngazi yake ya juu kabisa, wanagugumiza wakiulizwa jina. Na angalia muda, DELF haiishi lakini matokeo ya TOPIK, mtihani wa Kikorea, yanadumu miaka miwili tu, ukiikimbilia mwaka wa kwanza ili upige picha na cheti, ukifika wakati wa kuomba chuo unalipia tena.