Kagua posti prosesa kabla ya kuhama

Fundi wa Nakuru, umeuliza kama uache Fusion ya bure, programu ya kuchora na kupanga kazi ya mashine ya CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta), uhamie programu ya kulipia. Hama, lakini kwanza hakikisha ina posti prosesa ya mashine yako. Ndiyo inayogeuza njia za kisu kuwa jikodi, yaani amri ambazo mashine inazifuata. Hapa Kisumu tulihama bila kuikagua. Kisu kikashuka mzimamzima kwenye vaisi, kibano kinachoshika chuma, kikakatika, na vaisi ina kovu mpaka leo. Sasa kila faili mpya tunaikimbiza hewani, kisu kikiwa sentimita 5 juu ya chuma.

Halafu hiyo ya bure si ya biashara, na inazuia mwendo wa kasi kati ya mikato. Kwa kipande chenye mashimo mengi utangoja sana! Hela ikikaza, jaribu FreeCAD: ni bure hata kwa kazi ya wateja.