Benki wanataka nifunge bei ya dola, mwanangu anakataa

SWALI: Habari zenu wahariri. Nauza mashuka na mapazia Kariakoo, mzigo naagiza Guangzhou na nalipa kwa dola. Mwaka 2024 dola ilinipandia kontena likiwa bado majini, faida yote ikaisha hivihivi. Sasa benki wananiambia nifunge bei mapema, wanaita fowadi, yaani tunakubaliana leo bei ya dola nitakayonunua baadaye, ila wanataka niache hela kwao kama dhamana. Mwanangu anasoma mambo ya fedha pale Mlimani, anasema utafiti ulishaonyesha kujikinga hivyo na bei kupanda au kushuka hakuongezi thamani ya biashara. Nimsikilize nani?
Mama Rehema, Kariakoo

JIBU: Pole sana mama. Mwanao hajakudanganya, ila hajafika mwisho wa somo. Wachumi Modigliani na Miller mwaka 1958 walionyesha kwamba kama soko halina kodi, halina gharama za kufilisika na watu wote wana taarifa sawa, basi kampuni ikipata hela zake kwa njia hii au ile (mkopo au mtaji wa wenye kampuni) thamani yake ni ileile, na hoja hiyo ikavutwa mpaka kwenye kujikinga. Soko la hivyo Kariakoo halipo. Mwaka 1993 watafiti Froot, Scharfstein na Stein wakaja na jambo ambalo naona linakuhusu wewe kabisa, kwamba faida ya kujikinga ni kuwa na hela yako mwenyewe siku unayoihitaji, usije ukakimbilia mkopo wa riba kali wakati umebanwa.

Kwenye takwimu watafiti wanabishana mpaka leo. Allayannis na Weston mwaka 2001 walikuta kampuni kubwa za Marekani zinazojikinga na sarafu zina thamani juu kwa karibu asilimia 5, Jin na Jorion mwaka 2006 wakapima wazalishaji wa mafuta na gesi hawakuona tofauti.

Tufanye hesabu yako, namba ni za mfano tu. Unadaiwa dola 40,000 baada ya miezi mitatu, leo dola ni 2,500, fowadi wanakupa 2,540 (inakuwa juu kidogo kwa sababu riba ya shilingi ni kubwa kuliko ya dola, siyo lazima wanakuibia). Ukifunga unajua ni milioni 101.6 basi. Usipofunga dola ikafika 2,700 unatoa milioni 108. Ila ikishuka 2,400 mwenzio asiyefunga analipa milioni 96 na wewe bado ni 101.6, na hapo ndo watu wengi wanalia wanasema wamepigwa, kumbe ulichonunua ni kulala usingizi.

Sasa hiyo dhamana ndo inanipa wasiwasi mimi. Rampini, Sufi na Viswanathan mwaka 2014 waliangalia mashirika ya ndege ya Marekani wakakuta yale yenye hali mbaya ndo yanajikinga kidogo, maana hela ya dhamana ni ileile ya kuendeshea kazi, yaani anayehitaji mwavuli zaidi ndo hana hela ya mwavuli, inauma kweli. Hata kampuni kubwa zinaumia, Metallgesellschaft ya Ujerumani mwaka 1993 ilijikinga na bei ya mafuta, bei ikashuka, mikataba yake ikawa ya hasara, ikadaiwa dhamana juu ya dhamana na hasara ikafika kama dola bilioni 1.3. Ndo maana hata sheria ya Marekani ya 2010, Dodd-Frank, iliyobana mikataba ya namna hii, iliacha mlango wa nafuu kwa wafanyabiashara wanaojikinga na hatari za biashara zao wenyewe.

Wewe mauzo yako yote ni shilingi, na tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei kwa dola humu ndani, kwa hiyo kupanda kwa dola huwezi kumrushia mteja moja kwa moja. Mimi ningefunga nusu ya deni, na kwa mzigo ulioshaagizwa tu. Kabla hujasaini waulize benki, shilingi ikipanda (yaani dola ikishuka) mtanidai dhamana nyingine? Na kontena likichelewa bandarini tarehe inasogezwa kwa gharama gani? Wakupe majibu kwa maandishi, halafu kaeni na mwanao mpige hesabu pamoja.