Deni la miaka mingi huchosha katikati

Shule za Uganda zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2022, baada ya kufungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilirudi darasani nikiwa na deni la shilingi 9,400,000. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya binafsi mjini Busia, na kwa muda wote ule sikupata mshahara. Mkopo wa SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, niliouchukua mwaka 2018 ili nijenge vyumba viwili vya kupangisha ulisimama bila kulipwa. Nikakopa kwa mkopeshaji wa mtaani ili watoto wale, na hatimaye nikamwendea kaka yangu mkubwa.

Nilianza na mkopeshaji, kwa sababu riba yake ilikuwa asilimia 10 kwa mwezi, na shilingi 1,500,000 nilizokopa zilikuwa zimefika 2,400,000. Alikuwa ameshikilia kadi yangu ya benki na kitambulisho changu cha taifa, jambo ambalo sheria ya wakopeshaji ya mwaka 2016 inalikataza, nami sikulijua. Ikiwa wewe ni mwalimu mwenzangu na kadi yako iko kwenye droo ya mtu, idai leo. Niliuza ng'ombe, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwamba nimlipe 1,900,000 badala ya 2,400,000 kwa awamu tatu, na ikaisha.

Mwanzoni moyo haukuwa na shida yoyote. Hofu peke yake ilitosha kunisukuma, kwa hiyo ushauri mwingi wa kutia ari siku za mwanzo hauna kazi kubwa. Nilichora miraba 94 kwenye daftari la wanafunzi, kila mraba ukiwa shilingi 100,000 za deni, na kila deni lilipopungua kwa kiasi hicho niliutia rangi kwa kalamu nyekundu ninayosahihishia mitihani. Mkopeshaji alipokwisha nilijaza miraba 24 na nikajiona nimeshinda.

Kisha likaja deni la SACCO, shilingi 5,200,000, kwa riba ya asilimia 2 kila mwezi juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza nililipa 200,000, pesa nyingi mno kwa mshahara wangu hata nikiongeza kodi ya vile vyumba, na nilipouliza salio nikaambiwa kwamba 104,000 zimekwenda kwenye riba. Deni lilipungua kwa 96,000 tu. Nilikaa na kalamu mkononi, mraba mmoja haukutimia.

Hali hiyo ndiyo iliyonivunja moyo katikati ya mwaka 2023. Wenzangu walikuwa wananunua viwanja, binti yangu alihitaji karo ya muhula, nami nilikuwa nalipia vyumba nilivyokwisha kuvijenga zamani. Nikaacha kulipa miezi miwili. Niliporudi, riba ya miezi hiyo ilikuwa imekula zaidi ya mraba mzima, yaani jasho la wiki kadhaa, bila mimi kununua hata kilo moja ya sukari.

Ila siku hiyo karani wa SACCO, mama mtu mzima mwenye subira, alinionyesha jambo ambalo natamani ningelijua tangu mwanzo. Alizipanga risiti zangu mezani kwa tarehe na kuniambia, "Mwalimu, hebu tazama safu ya riba peke yake." Ilikuwa inashuka kila mwezi. Zile shilingi 200,000 ambazo mwanzoni ziliondoa 96,000 za deni, sasa zilikuwa zinaondoa zaidi ya 130,000. Nilikuwa nimechoka wakati ule ule ambapo pesa yangu ilianza kufanya kazi zaidi. Tangu hapo sikutazama tena salio, nilitazama riba ya mwezi huu dhidi ya ile ya mwezi uliopita, na hilo ndilo lililonivusha. Kwa hiyo soma mkataba wako, kwa maana kama riba inahesabiwa juu ya mkopo wote wa awali hadi mwisho, faida hii huipati, na ni bora ujue mapema na uombe mapatano.

Mengine ni mazoea madogo. Nalipa siku ile ile mshahara unapoingia, kwa simu, kabla sijapita sokoni. Karo ya Februari naianzia akiba tangu Oktoba, maana ndiyo iliyokuwa ikinirudisha kukopa. Watoto niliwaambia ukweli, wakaacha kuniomba kwa kununa. Na samaki wa Jumapili sikuwaondoa, kwa kuwa nyumba isiyo na furaha yoyote haivumilii miaka minne.

SACCO ilikwisha Juni 2025. Kaka, ambaye miaka yote aliniambia, "Lipa watu kwanza, mdogo wangu, mimi sikimbii," sasa ndiye anayelipwa. Hanitozi riba, kwa hiyo kila laki moja ninayomtumia hujaza mraba wake mzima. Nikimtumia, hunipigia kuuliza kama watoto wamekula, na binti yangu ndiye anayeshika kalamu nyekundu. Imebaki miraba 11.