Tunataka kuandamana, OCS anadai kibali

SWALI: Kikundi chetu hapa Kenya kinataka kuandamana kwa amani. OCS (mkuu wa kituo cha polisi) anasema hajatupa kibali. Tufanyeje?

JIBU: Kibali hakihitajiki. Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki hiyo, mradi hamna silaha. Sheria inadai taarifa tu, imfikie OCS siku 3 hadi 14 kabla. Taja jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa (kati ya 12 asubuhi na 12 jioni), na njia mtakayopita. Wengi hujikwaa kwa kuandika "tunaomba ruhusa", ombi hukataliwa. Andika "tunakuarifu". Beba nakala 2, moja igongwe muhuri wenye tarehe, urudi nayo. Akisema wengine wamewatangulia siku na mahali hapo, mtake aseme hivyo kwa maandishi.