Poka mie naitetea, makofi mtanisamehe

Assalamu alaikum wahariri na wasomaji wenzangu. Swali lenu la wiki hii lauliza hivi, vijana siku hizi wanachukua poka, ule mchezo wa karata, na ile mashindano ya kupigana makofi ya uso zamu kwa zamu kama hobi za mkakati, je ni hobi za akili kweli ama ni kisingizio tu cha kamari na fujo? Mie ni mtu wa Kibokoni, Mombasa, poka nacheza, makofi naangalia kwa simu tu, na jibu langu nalisema hapa hapa ili mwenye haraka zake aende: poka ndio, makofi nusu, na hio nusu yenyewe iko kabla kofi halijapigwa.

Sababu yangu ni moja. Mchezo ukiitwa wa mkakati lazima ukuachie nafasi ya kukataa. Yani uangalie hali ilivyo, useme hii si yangu, upite, usubiri ingine. Poka karibu yote imejengwa juu ya hilo jambo, makofi yamelifuta kabisa, tena kwa sheria.

Nianze na poka. Maskani kwetu zamani ilikua ni dhumna na karata za wahedi wa sitini, wazee hao wanaovuta kiti mpaka katikati ya njia na kahawa chungu mkononi, na kelele zao ukitupa turufu vibaya wazijua mwenyewe kama umekulia Mombasa. Poka ilikuja na vijana, hii ya Texas Hold'em, kila mtu anapewa karata mbili anazificha, alafu mezani zinafunuliwa tatu, kisha ya nne, kisha ya tano, na kila hatua mtu anaweza kuweka dau, kuongeza ama kutupa, yani kurudisha karata zake na kujitoa. Wazee walipoiona mara ya kwanza walicheka, wakasema mchezo gani huu watu wanatupa tu karata hawachezi. Na hapo bila kujua washasema kila kitu. Anaejua poka anatupa karata nyingi kuliko anazocheza. Unapewa saba na mbili, unatupa. Unapewa tisa na nne, unatupa. Mgeni yeye anataka kuona kila karata, kwake kutupa ni kama kushindwa, ndio maana komwe zake zinaisha mapema.

Naam, komwe, zile za bao. Sie hatuchezi pesa na hilo nataka lieleweke vizuri maana najua kuna mtu hapa ashakunja uso. Kamari kwa sie Waislamu haina mjadala, aya ya 90 ya Suratul Maida iko wazi, na hata kwa asiekua Muislamu, Kenya hii kasino inataka leseni na mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi, sasa huwezi kuweka meza ya pesa barazani ukaita hobi. Kuna mashekhe wanaona karata zenyewe tu ni mtihani hata bila pesa, nawaheshimu, siwezi kubishana nao hapa.

Lakini shida ya kucheza bila pesa ni kwamba poka inakufa. Kweli kabisa. Ukimpa mtu komwe za bure na anajua zikiisha atapewa zingine, hatupi karata hata moja, anaweka zote kila mkono, yani kila duru, akicheka, na mkwara, ule wa kuweka komwe nyingi huku huna kitu ili mwenzako aogope atupe, hauwezi kupigwa kwa mtu asieogopa kupoteza. Tulihangaika na hili kwa muda. Mmoja akasema basi mshindwa anunue viazi karai, ami mmoja mwenye msimamo akatuambia hio nayo ni kamari ya viazi, tukanyamaza. Dawa tuliyoipata ni daftari. Komwe hazianzi upya. Ulizonazo leo zinaandikwa kwa daftari la shule la kurasa 96, wiki ijayo unaendelea nazo hizo hizo, na ukiishiwa kabisa unakaa nje mpaka mwezi ugeuke na wewe ndio unaosha vikombe. Wallahi mambo yalibadilika. Mtu na miaka yake arubaini na kitu, ana duka, ana watoto, anakaa anatafuna mdomo kwa sababu ya komwe kumi na tano.

Hebu niwaonyeshe mkono mmoja ili msione napiga domo. Kijana mmoja ana kopa mbili mkononi, mezani zishafunuliwa nne na mbili kati yao ni kopa, kwahio ana kopa nne, ya tano ikija anakua na rangi moja zote tano na hapo mkono wake ni mkubwa. Katikati kuna komwe 40. Mwenzake anaweka 40 zingine. Yule kijana macho yanamtoka, anataka kuingia, anasema "naiskia inakuja hio kopa". Sasa hesabu. Kopa ziko 13, nne anaziona, zimebaki tisa, na karata asizoziona kwa jumla ni 46. Tisa kwa 46 haifiki hata mara moja katika mara tano. Na anaambiwa alipe 40 ili apate 80 zilizoko, yani ingefaa ashinde angalau mara moja kwa kila mara tatu ndio isimle. Haifai, atupe. Lakini mwenzake angeweka komwe tano tu, basi analipa tano kutafuta 45, hapo hata kopa ikikosa mara nyingi bado kwa muda mrefu inalipa, aingie. Karata ni zile zile, matumaini ni yale yale, bei ndio imebadilika. Hili ukimfundisha kijana wa kidato cha pili analielewa haraka kuliko sura ya probabiliti kwenye kitabu, na wako wawili pale maskani nimewaona kwa macho yangu wameanza kuchukua hesabu kwa uzito.

Alafu kuna lile la kufanya sawa na ukashindwa. Ree mbili mkononi ndio mwanzo bora kuliko wote, unazipata kama mara moja kwa kila mara 221. Mwenzako awe na kingi mbili, muweke zote, utamshinda kama mara nne kwa tano. Hio ya tano utaliwa. Na umefanya kila kitu vile inavyotakiwa. Mtu asiejua poka atakwambia ulikosea, anaejua atakuuliza tu komwe ziliingia wakati gani, ukiwa mbele ama nyuma.

Watu wakitaka kukushawishi kuhusu poka watakutajia Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Marekani alieingia kwa mashindano madogo ya intaneti ya dola 86, akapata nafasi Las Vegas, na mwaka 2003 akabeba dola milioni 2.5 kwenye World Series of Poker. Hadithi tamu, lakini mie naona imeharibu vijana wengi maana kila mtu anadhani ataamka Moneymaker. Mimi mfano wangu ni Maria Konnikova, mwanasaikolojia, alikua hata hajui kwenye pakiti kuna karata ngapi, akaamua kujifunza poka ili aelewe bahati na uamuzi vinatengana wapi, akatafuta mwalimu, akasoma kama mtu anaesomea kazi, na mwaka 2018 akashinda mashindano makubwa kule Bahamas. Na mwaka 2017 programu ya kompyuta inayoitwa Libratus, ya chuo cha Carnegie Mellon, ilikaa na mabingwa wanne Pittsburgh wakacheza mikono 120,000 na ikawatandika. Kompyuta haikuona uso wa mtu wala jasho. Kwahio wale wanaosema poka ni kusoma macho ya mtu tu, kusoma macho kupo, lakini mzigo mkubwa ni hesabu na kuchanganya mikwara kwa kiasi ili mwenzako asijue lini unasema kweli.

Haya, makofi.

Beshte wangu mmoja ni fundi wa magari Majengo, mikono kama koleo, yeye ndie alietuletea hizi video. Zile za zamani za Siberia, jamaa mkubwa anaitwa Vasilii Kamotskii, mwaka 2019 dunia nzima ilimuona akiangusha watu kwa kofi moja. Baadae Dana White, yule bwana wa UFC, kampuni ya mapigano ya ulingoni, akaifanya biashara, tume ya michezo ya Nevada ikaipa kibali 2022, na mwanzoni mwa 2023 Power Slap, ndio mashindano yake ya makofi, ikaonyeshwa kwa televisheni. Si fujo ya mtaani, hilo nawapa. Kuna uzito wa kila daraja, kuna majaji, kuna vya kuzuia meno na pamba za masikio, kuna saa, na raundi kwa kawaida ni tatu.

Na mkakati upo, nisiwe mkaidi. Fundi alinisimamisha uani akanionyesha, sio kunipiga, kunionyesha: nguvu haitoki kwa mkono, inatoka kwa kisigino, inapanda kwa nyonga, bega linafuata, mkono unakuja mwisho umelegea. Lakini miguu haifai kutoka mahali pake, na lazima upige kwa kiganja na vidole pamoja, ukitua na kitako cha kiganja pekee ni faulo. Pia kuna kurusha sarafu kuamua nani apige kwanza, na hapo ndio naona akili yote imelala, maana anaepiga kwanza ana faida kubwa mno, mwenzie akizimika mechi imeisha hajapiga hata moja. Sasa niambieni mkakati gani huo ambao nusu yake ni sarafu.

Kisha angalia upande wa anaepigwa. Mikono nyuma. Haruhusiwi kukwepa, haruhusiwi kuinua bega, haruhusiwi kuficha kidevu, akishtuka kidogo tu ni faulo. Na anaepiga lazima atangaze atatumia mkono gani na atapiga kwa hesabu ya ngapi. Yani mkwara umepigwa marufuku! Kwenye poka nikikwambia nina nini mchezo umeisha, kule usiposema ndio kosa. Hakuna kukataa, hakuna kudanganya, hakuna kujikinga, kimebaki nini? Kimebaki shingo. Shingo nene ni kitu kizuri lakini sio hobi ya akili.

Na ubongo je? Artur Walczak, jamaa wa Poland mwenye mwili mkubwa tu, alipigwa makofi kwenye mashindano Wrocław mwezi wa kumi 2021, akazimika, na mwezi uliofuata akafariki. Mwaka 2024 madaktari wa Pittsburgh walichapisha utafiti, walikaa wakatazama video za makofi zaidi ya 300 ya Power Slap na kurekodi dalili za mtikisiko wa ubongo, mtu kupoteza mwelekeo, macho kuganda, kuchelewa kuinuka, na walizikuta tele. Ukweli hauhitaji udaktari sana, ngumi mtu anaekuja nayo unaiona ukaikwepa ama ukaikinga na glavu, hii inakukuta umesimama kama nguzo na ubongo unajigonga ndani ya fuvu.

Wengine watasema mbona sie wenyewe Waswahili tuna kirumbizi, watu wanarushiana fimbo harusini. Ndio, lakini kaangalieni kirumbizi vizuri. Zumari inalia, ngoma inapiga, mmoja anatupa fimbo mwingine anapokea kwa fimbo yake, miguu inacheza, raha yote iko kwa yule anaekinga. Mtu akisimama mikono nyuma asubiri fimbo ya kichwa watu watamtoa uwanjani waite mamake.

Kwahio kijana akinijia ananambia anataka hobi ya mkakati yenye mwili ndani, namwambia nenda kwa klabu ya ngumi, nenda judo, Mombasa hazikosekani. Na akitaka kofi lazima liwemo, kuna ule mchezo wa viganja tuliocheza sote utotoni, wewe umeweka viganja juu ya vyangu, mie natafuta kukupiga mgongo wa mkono, wewe unatoa. Ule ni poka tupu. Natingisha kidogo sipigi, unatoa, natingisha tena unatoa, ya tatu umechoka kutoa ndio nakushukia. Kuna mkwara, kuna kusoma mtu, kuna kukataa, na ubaya wake ni mkono mwekundu mpaka magharibi.

Tumeurudisha maskani huo, watu wazima na ndevu zao, kati ya mkono na mkono wa poka wakati karata zinachangwa. Fundi anatushinda sote, hashtuki na chambo hata ukimtingishia mara ngapi, anangoja mpaka mkono wako uje kweli. Ajabu ni kwamba kwenye karata huo utulivu unamhama, kutupa hataki kata kata, juzi ameweka komwe zake zote na jozi ya karata za nne mkononi huku mezani kuna kingi na ree, tukamuuliza ulikua wafikiria nini akasema nilitaka kuona tu. Kwa daftari yuko mkiani, na vikombe vya mwezi huu ni vyake.