Maswali ya Wasomaji: Oili Inayopanda Bila Kuongezwa

SWALI: Ndugu Mshauri, mwaka jana nilinunua Datsun 240Z ya mwaka 1972 iliyokuwa imekaa bila kuendeshwa kwa miaka mingi. Marehemu baba yangu aliyaona magari ya aina hii yakipita katika mashindano ya Safari, na tangu utotoni nilitamani kuwa na moja. Sasa nataka kubadilisha oili ya injini kwa mikono yangu mwenyewe. Fundi wa jirani amenishauri nisafishe injini kwanza kwa dizeli, kisha niweke oili ya 5W-30 anayoitumia kwa magari yote. Kinachonishangaza ni kwamba kila nikipima oili naikuta imepanda kidogo, ilhali sijaongeza hata tone. Je, nianzie wapi? — Msomaji wa Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, anzia kwenye hilo ulilolitaja mwisho, kwa sababu ndilo zito kuliko mengine yote. Oili haizaliani ndani ya injini. Ikiwa kipimo kinapanda, basi kuna kitu kingine kinachoingia, na katika injini ya kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, mshukiwa wa kwanza ni petroli. Chomoa kijiti cha kupimia, kinuse, kisha dondosha tone moja kati ya vidole viwili ulisugue. Likiwa jepesi na lenye harufu kali ya petroli, usiiwashe tena injini hiyo hata kwa dakika moja, kwani oili iliyochanganyika na petroli haiwezi kuzitenganisha beringi na kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), na mvuke unaojikusanya ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, unaweza kushika moto. Ukiona rangi ya maziwa badala ya harufu ya petroli, basi ni maji, na hapo uchunguzi uelekezwe kwenye gasketi ya silinda hedi.

Kwa gari lako petroli ina njia kuu mbili za kufika kwenye sampu. Ya kwanza ni pampu ya petroli inayoendeshwa na kamshafti (shafti inayofungua vali), na pampu hiyo imefungwa ubavuni mwa silinda hedi. Utando wake wa mpira ukichanika, petroli hupenya ndani ya injini moja kwa moja. Gari lililolala miaka mingi huwa na utando uliokauka, na mimi binafsi ningeubadilisha hata kama hauonyeshi kasoro. Njia ya pili ni kabureta zenyewe, ambazo kwenye 240Z ni mbili. Sindano inayozuia petroli isijae kwenye bakuli la boya ikishindwa kuziba, petroli hufurika na kuteremka ndani ya silinda, halafu hupita kandoni mwa ringi za pistoni hadi chini. Fungua kisafisha hewa na uchungulie kooni mwa kila kabureta mara tu baada ya injini kuzimwa, lakini fanya hivyo baada ya oili chafu kuondolewa na mpya kuwekwa, si kabla. Tazama pia kama choki inarudi mahali pake kikamilifu, kwa maana katika kabureta za aina hii choki hushusha jeti (kitundu cha kupitishia petroli), na jeti iliyokwama chini huimiminia injini petroli nyingi kuliko inavyoweza kuichoma. Safari fupi fupi za kwenda dukani na kurudi huzidisha tatizo, maana injini haipati joto la kutosha la kuivukiza petroli iliyoingia kwenye oili.

Kwa kawaida ningekuambia uendeshe gari robo saa ili oili ipate joto na itoke vizuri pamoja na uchafu wake. Kwako wewe siwezi kusema hivyo. Imwage ikiwa baridi, nje, mahali penye hewa, pasipo na jiko la mkaa wala mtu anayevuta sigara karibu, na uiache idondoke kwa muda mrefu, hata usiku kucha. Gari liinuliwe kwa jeki, lakini liegemee stendi imara kabla hujaingiza hata mkono chini yake. Nalisisitiza hili kwa uchungu, kwa sababu jeki huteleza bila kutoa onyo.

Dizeli usiitie kabisa. Najua ni desturi ya gereji nyingi, na mafundi wanaoifuata hawana nia mbaya, ila dizeli haitoki yote. Hubaki kwenye vijia vyembamba na kuipunguzia oili mpya uzito, jambo ambalo ndilo hasa tunalolikimbia. Badala yake weka oili safi na filta mpya, endesha kilomita 500 baada ya kurekebisha uvujaji wa petroli, kisha mwaga tena na ubadilishe filta. Ni gharama ya galoni moja zaidi, nayo inafanya kazi ya usafi bila madhara.

Kuhusu aina ya oili, sikubaliani na fundi wako. Kwenye injini hii ya silinda sita, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, nundu za kamshafti husugua juu ya roka (mikono inayosukuma vali) bila kuviringika, na sehemu hizo hulindwa na kemikali za zinki na fosforasi zilizomo kwenye oili. Katika viwango vya SN na SP vya API, yaani taasisi ya petroli ya Marekani, oili nyepesi kama 5W-30 zimewekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08, kwa ajili ya kukilinda kifaa cha kusafishia moshi ambacho gari lako halina. Oili nzito kama 20W-50 hazibanwi na kikomo hicho. Kwa hiyo nunua 20W-50 ya kawaida isiyo ya sintetiki, ikiwezekana ile iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya zamani. Injini ya namna hii ndiyo iliyoipa Datsun ushindi wa Safari mwaka 1971, akiwa Edgar Herrmann kwenye usukani, na tena mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta. Ni injini ngumu, na haidai oili ya bei ya juu.

Unapofunga filta, hakikisha gasketi ya filta ya zamani haikubaki imeng'ang'ania kwenye injini, kwani gasketi mbili zikipandana oili yote itamwagika ndani ya dakika chache. Paka gasketi mpya oili kidogo, kaza kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Bolti ya sampu ipewe washa (pete ya kuzibia) mpya. Mimina lita 4, subiri, pima, halafu ongeza kidogo kidogo hadi alama ya juu. Kwa kuwa injini imekaa muda mrefu, chomoa waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye koili, uzungushe injini kwa stata kwa vipindi vifupi hadi mshale wa presha ya oili uinuke, ndipo urudishe waya na kuiwasha.

SWALI: Oili chafu niliyoimwaga naweza kuipaka kwenye nguzo za uzio ili kuzuia mchwa? — Msomaji wa Tanga

JIBU: Desturi hiyo naijua tangu utotoni, lakini naomba uiache, hasa kama kisima kiko karibu. Oili iliyotumika hubeba chembe za metali na mabaki ya petroli iliyoungua, na mvua huvishusha ardhini. Ihifadhi kwenye dumu lenye kifuniko, usiichanganye na maji wala petroli, na uipeleke kwenye kituo cha mafuta au gereji inayowauzia wakusanyaji wenye kibali.