Maswali yenu kuhusu ubaguzi wa rangi usio na mwenyewe

Sheria za kibaguzi Marekani zilifutwa zamani. Mbona bado mnazungumzia ubaguzi wa kimfumo, yaani ule uliomo ndani ya kanuni na taratibu?

Kwa sababu sheria hufutwa siku moja, lakini ilichokijenga hubaki kimesimama. Tazama nyumba. Miaka ya 1930, shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji, na mitaa ya watu weusi ikapakwa rangi nyekundu: hatari kukopesha. Kuanzia 1934 serikali ikadhamini mikopo ya nyumba, na walionufaika wakawa Wazungu kwa sehemu kubwa sana. Sheria ya kukataza ubaguzi katika makazi ikaja 1968. Sasa piga hesabu. Aliyepata mkopo miaka ya 1950 aliwaachia wanawe nyumba, nao wakaiweka dhamana kusomesha wajukuu. Aliyenyimwa alilipa kodi ya pango hadi uzeeni, akafa bila kuacha kitu. Na kwa kuwa shule za umma kule hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutokana na kodi ya majengo ya hapo hapo, mtaa wa nyumba za bei ya chini huambulia kidogo. Mtoto anaanza akiwa nyuma hata kama hakuna afisa mmoja anayemchukia. Naomba uisome tena sentensi hiyo, maana wengi hupotelea hapo.

Kama hakuna mwenye nia mbaya, nimlaumu nani?

Mtafute kwanza mwenye uwezo wa kurekebisha. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hupitisha mwanga kwenye ngozi, na weusi wa ngozi huathiri kipimo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Wazungu. Muuguzi anayesoma namba hana kosa. Mtengenezaji, hospitali inayonunua na mamlaka inayoidhinisha wana la kufanya. Aliyejua akanyamaza, huyo namlaumu.

Mimi sioni rangi, naona binadamu. Haitoshi?

Nakuamini, lakini haitoshi. Watafiti wawili walituma maombi ya kazi ya kubuni takriban 5,000 huko Boston na Chicago, wakachapisha matokeo 2004. Sifa zilikuwa zinalingana. Majina tu ndiyo yaliyotofautiana. Akina Emily na Greg, majina yanayosikika kama ya Wazungu, waliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya akina Lakisha na Jamal, yanayosikika kama ya watu weusi. Nadhani wengi wa waajiri wale nao wangesema hawaoni rangi. Ofisi isiyotaka kuitazama rangi haiwezi hata kuhesabu nani aliomba, nani aliitwa na nani aliachwa.

Nataka kupinga ubaguzi kwa vitendo, ila naogopa kukosea.

Utakosea. Ukikosolewa, sikiliza, omba radhi kwa maneno machache, ubadilike. Usimgeuze aliyeumia kuwa mfariji wako. Mzaha wa kibaguzi ukitolewa, usimsubiri aliyelengwa ajitetee mwenyewe. Mwulize msemaji, kwa utulivu: "Una maana gani?" Kisha rudi kwenye kanuni unazozigusa wewe. Unakaa kwenye kamati ya ajira? Pendekeza majina yafichwe katika mchujo wa kwanza. Ni mwalimu? Pitia kumbukumbu za adhabu za muhula uliopita, uone ni watoto gani walifukuzwa darasani, na kwa makosa ambayo wenzao walisamehewa.